Kazi ya sera za uraibu: anzia kliniki

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada ya ustawi wa jamii inatosha kuwa mshauri wa sera za dawa za kulevya, au usome uzamili kwanza. Uzamili usubiri. Jitolee kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mraibu kuacha heroini, au soba hausi, yaani nyumba wanamoishi waraibu wanaoacha dawa. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hapo utaona nauli ya kila siku inavyomkwamisha mtu aliyekwishaamua kuacha heroini. Inaniuma sana mipango inapoisahau nauli hiyo! Halafu isome, kifungu kwa kifungu, sheria ya Tanzania ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ushauri wa kujitegemea uje baadaye, waraibu wenyewe wakishakuamini.