Mpira wa kioo ni mpya, maji bado yanaingia

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Raskazoni, Tanga. Nina Volkswagen Beetle ya 1967, ya marehemu babu. Mpira wa kioo cha mbele ulikauka hadi ukapasuka, nikaagiza mpya tukaufunga mimi na mdogo wangu. Mvua ya kwanza tu, zulia la upande wa dereva likalowa. Tena ule urembo wa alumini unaozunguka kioo umekataa kurudi kwenye mfereji wake. Jirani anasema nizibe kwa silikoni yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Silikoni iache dukani. Ile inayonuka siki ndiyo mbaya zaidi, maana ikikauka hutoa asidi, na bati lenu huko Raskazoni linakula chumvi ya bahari usiku na mchana.

Kosa la urembo nalijua hata bila kuliona gari: mliingiza kioo kwanza. Kwenye Beetle, mpira unavishwa kioo kikiwa mezani juu ya blanketi, urembo unapachikwa hapohapo, ndipo vyote vinapelekwa kwenye gari kwa pamoja. Kioo kikishakaa, mpira unabanwa na mfereji unafumba. Ukilazimisha kwa bisibisi, alumini ile laini inajikunja, na ikishajikunja haipendezi tena. Angalia pia kama mpira ulioletewa una mfereji wa urembo. Ipo isiyo nao. Na uwe wa modeli ya 1965 kuendelea, kwa sababu mwaka huo vioo vilipanuliwa.

Sasa maji. Kioo kitoke tena. Chunguza ukingo wa bati unaoshikwa na mpira, hasa pembe mbili za chini, ndipo maji hutuama. Rangi ikiwa imevimba, chini yake pana kutu, na hakuna mpira utakaoziba juu ya kutu. Kwangua hadi bati jeupe. Palipooza pakatwe na kuchomelewa kipande kipya. Fundi akikwambia atajaza puti, mshukuru uondoke, kwani puti haistahimili kubanwa pale. Paka praima, kisha rangi, na uiache ikauke vizuri siku kadhaa, la sivyo mpira utagandana nayo.

Kurudisha kioo, lazeni mpira juani kwanza ulainike. Zungusha kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5 ndani ya mfereji unaoshika bati, ncha zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni. Grisi na oili huvimbisha mpira, usithubutu. Mdogo wako asimame nje, akandamize kwa viganja vilivyotandazwa palepale kamba inapotokea, asibonyeze kwa kidole wala ngumi. Wewe uwe ndani, uvute kamba pole pole kuelekea kwako. Itanyanyua mdomo wa mpira na kuuvusha ukingo. Ukisikia pamegoma, simama, ongeza sabuni.

Lakini kabla hujagusa chochote, toa zulia, keti ndani na tochi, na mtu amwage maji kidogo kwenye mashina ya waipa peke yake, asilowanishe kioo. Yana vipira vyake vidogo, navyo huzeeka. Mimi mwenyewe nimewahi kumtolea mteja kioo kizima, kumbe maji yalikuwa yanapita hapo.