Mkuu, hilo bango usilipandishe hivyo

Umeuliza mtandao upi unafaa kutangaza vipaumbele vya halmashauri, saa ngapi kuposti, na kama ulipie matangazo. Ila nilipofika kwenye "picha ya mheshimiwa, kaulimbiu, komenti tunafunga", presha ikapanda.

Nimekaa kitengo cha habari cha halmashauri. Kipaumbele chetu kilikuwa ile mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Akaletwa mtaalamu wa mitandao, kiatu kimechongoka, maneno asali. Akasema maelezo marefu hayasomwi. Weka sura ya kiongozi, andika FURSA kwa herufi kubwa, komenti funga, zinachafua taasisi. Wakubwa wakapenda. Mimi ni nani nibishe na kiatu kile? Nikaposti.

Bango halikusema fomu ni bure. Halikusema mkopo hauna riba, wala kwamba kikundi kianzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Matapeli wakatumalizia kazi: wakachukua bango letu lile lile, nembo na sura ya mheshimiwa vikiwa palepale, wakabandika namba yao chini na "ada ya fomu". Likazunguka magrupu ya vikoba. Waliotaka kuhakikisha wakaja kwenye ukurasa wetu, wakakuta komenti zimefungwa. Wakatuma hela. Kina mama wakajaa kwenye korido na meseji za muamala mkononi, wakimuulizia "afisa mikopo" tusiyemjua. Mmoja akanisogezea simu usoni: "Mwanangu, hii si yenu?" Ilikuwa yetu. Mtaalamu hapatikani hewani, ila ankara yake iliwahi kufika.

Kwa hiyo posti isitoke kama haisemi aende ofisi ipi, amuone nani, ni shilingi ngapi au bure, na mwisho lini. Yaandikwe kwenye posti yenyewe. Mwenye bando la jero hafungui PDF ya bajeti. Hata barabara ni hivyo hivyo. "Tunaboresha miundombinu" haimwambii mtu kitu. Taja barabara ipi, kutoka wapi hadi wapi, imetengewa kiasi gani mwaka huu wa fedha. Komenti ziwe wazi na pawe na mtu wa kuzijibu. Halafu maneno yale yale yabandikwe kwenye ubao wa mtendaji, yasomwe mkutano wa mtaa, ili bango la tapeli lipate cha kulinganishwa nacho.

Saa? Posti jioni. Hayo mengine wadau watakujibu. Bango nitumie PM kabla halijatoka, na sura ya mheshimiwa iwe ndogo kuliko namba ya simu ya ofisi.