Programu ya stoki ya zamani kugoma kwenye Windows 11

Ndugu wa Bukavu unayeuliza kwa nini programu ya stoki ya depo ya mzee wako, ya enzi za Windows 98, inagoma kwenye laptop mpya: usirudishe laptop dukani, haina kosa. Mimi natengeneza masini (kompyuta) hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, na wenye maduka huniletea shida hiyo hiyo mara kwa mara.

Windows ikikuambia programu haiwezi kufanya kazi kwenye PC yako, kwa umri huo shuku kuwa ni ya biti 16, yaani iliandikwa kwa namna ya prosesa za kale. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na Windows za biti 64 hazina ile sehemu iliyoendesha programu za DOS (mfumo wa kabla ya Windows) na Windows 3.1. Si ukaidi wa Microsoft peke yake. Prosesa ikishaingia hali ya biti 64, uwezo wake wa kuigiza prosesa ya kale ya 8086 haupatikani tena.

Ila kuna mtego. Programu nyingi za miaka ya 90 zenyewe ni za biti 32, zingekwenda vizuri. Faili ya setup, ile ya kusakinisha, ndiyo ya biti 16. Basi achana na setup. Nakili folda nzima kutoka masini ya zamani, uifungue moja kwa moja. Nimeona wengi wakipona hapo hapo.

Ikifunguka lakini mauzo hayahifadhiki, iondoe Program Files uiweke C:\Stoki. Tangu Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ovyo mle ndani. Ile "mode de compatibilité" inayosifiwa sana kazi yake kubwa ni kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows. Programu za biti 16 haizitibu.

Kama kweli ni ya DOS, chukua DOSBox-X, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, maana DOSBox ya kawaida ilitengenezewa michezo, haichapishi. Kama ni ya Windows 3.1, au inadai draiva ya zamani, weka Windows XP ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya laptop yako) na uikatie intaneti: XP haipati marekebisho ya kawaida tangu 2014.

Kabla ya yote hayo, nakili data kwenye flashi mbili. Ukikuta faili za .DBF (majedwali ya data ya programu za zamani), LibreOffice Calc huzifungua mpaka leo, na orodha ya wadeni wa mzee utaisoma hata programu ikikataa kabisa. Tuandikie majina ya faili zilizomo kwenye folda, na kama mnachapisha kwa imprimante (printa) ya sindano.