Maswali yenu: Yemrehanna Krestos, kanisa la pangoni

Maswali kuhusu kanisa hili la kijijini, katika milima ya Lasta kaskazini mwa Ethiopia, yamekuwa mengi. Nimechagua haya.

Lilichongwa kwenye mwamba kama makanisa ya mji wa Lalibela? (Msomaji wa Mbeya)

Hapana. Limejengwa, tena ndani ya pango. Swali hili hunirudia kila mara; tafadhali tazameni hata picha moja kabla ya kuuliza.

Nimesoma kwamba waliojenga ni Watemplar, wale mashujaa wa Vita vya Msalaba. Ni kweli? (Msomaji wa Nairobi)

Si kweli, na hadithi hii imenichosha. Hakuna ushahidi wowote kwamba Watemplar walijenga kitu Ethiopia. Mila ya kanisa inamtaja mfalme Yemrehanna Krestos wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala kabla ya mfalme Lalibela, na wataalamu huliweka jengo kwenye karne ya 11 au ya 12.

Ukitaka kujua ufundi ulitoka wapi, nenda Aksum, mji wa kale wa kaskazini mwa Ethiopia. Minara ya mawe ya karne ya 4, ukiwemo ule wa mita 24 hivi uliopelekwa Roma na Waitalia ukarudishwa mwaka 2005, imechongwa ifanane na jumba la ghorofa: mlango chini, madirisha juu kwa juu, boriti zimelala kati ya ghorofa na ghorofa, ukuta unaingia na kutoka. Mtindo huohuo ndio uliopo pangoni, ila hapa mbao ni mbao na mawe ni mawe. Chama cha Watemplar kilianza mwaka 1119 hivi. Aksum walikuwa wakijenga hivyo miaka mia kadhaa kabla yao. Mbona hakuna anayeniuliza ni wageni gani waliowajengea Waingereza makanisa yao?

Mimi ni fundi mwashi. Ukuta ule umepangwaje? (Msomaji wa Iringa)

Hili ndilo swali la maana. Safu ya mawe hupigwa lipu nyeupe, juu yake hulazwa boriti ndefu, kisha mawe tena, hadi juu. Ndiyo maana kwa mbali unaona mistari myeupe na myeusi. Kipande kimoja cha ukuta kimejitokeza, kinachofuata kimerudi ndani. Madirisha yana vibao vilivyotobolewa kwa maumbo ya misalaba, mwanga unaingia kidogokidogo. Ndani kuna nguzo, matao, dari ya mbao yenye mapambo, na michoro ya ukutani iliyo miongoni mwa mikongwe zaidi Ethiopia. Mbao zimedumu kwa sababu mvua haizifikii: paa la kwanza ni pango lenyewe.

Kanisa letu la mawe na chokaa lina zaidi ya miaka 100. Kamati inataka kulipiga lipu ya simenti. (Msomaji wa Tanga)

Msithubutu! Simenti hufungia unyevu ndani, chokaa na jiwe laini vinaoza nyuma yake, na siku lipu ikidondoka inaondoka na kipande cha ukuta. Anzeni na bati linalovuja na maji yanayotuama kwenye msingi, halafu mtafute fundi wa chokaa. Lamu na Zanzibar wapo. Lalibela kwenyewe, miaka ya 1950, makanisa yalipakwa lami na rangi nyekundu kwa nia njema kabisa, na miaka ya 1960 ikabidi yakwanguliwe. Na milango yenu ya zamani msiiuze, hata mkiahidiwa mipya ya chuma.

Ni kweli kuna maiti nyuma ya kanisa? (Msomaji wa Bujumbura)

Ndiyo, nyingi, zimekauka kule gizani. Mila inasema ni mahujaji waliokuja kufia hapo. Ni marehemu wa watu. Msiende kupiga nao picha.

Mgeni anaruhusiwa kuingia patakatifu? (Msomaji wa Kampala)

Hapana. Mle mnakaa taboti, kibao kitakatifu cha madhabahu, na wanaoingia ni makasisi tu. Sehemu nyingine ingia, viatu umevua, taa ya kamera umezima, na mgongo usiegemeze kwenye michoro.

Je, mke wangu ataruhusiwa kuingia kanisani? (Msomaji wa Muscat)

Ataruhusiwa. Unafikiria Debre Damo, monasteri iliyo juu ya mlima kule Tigray. Huko ndiko wanawake hawapandi.