Karatasi ya Diwani Ndiyo Nzito

Kijana mmoja wa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu, ameniandikia juzi usiku: "Ami, 2027 mimi nampigia rais peke yake. Hizo karatasi nyingine tano nitazitumbukiza hivyohivyo. Gavana na MCA (diwani) wana nini na mimi?"

Swali hili si geni barazani, na wanaoliuliza si wajinga. Wengine ni walimu. Jibu la siku zote, kwamba kura ni haki yako, limeshasemwa hadi limechuja na halijamtoa mtu nyumbani. Kwa hiyo hapa tuache haki, tuzungumze gati.

Boti inafika maji yamekupwa. Ngazi ya gati imeliwa na chumvi, chuma kimechomoza, kidato cha chini hakipo. Mama mwenye mtoto anamkabidhi baharia mtoto kwanza, kisha anapandisha mguu mmoja huku boti inayumba. Gati hilo si la rais. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliposhika kalamu kugawa kazi, vivuko na bandari ziliwekwa chini ya kaunti. Kilichobaki Nairobi ni usimamizi wa meli za kitaifa na za kimataifa. Kaunti ndiyo iliyopewa pia zahanati na hospitali zake, ambalansi (na visiwani ambalansi ni boti), maji, taka, taa za vichochoroni, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, leseni za biashara, kilimo na uvuvi.

Polisi, shule za sekondari, hati miliki, barabara kuu ya kutoka Garsen, na bandari kubwa ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, hayo ni ya serikali kuu. Mgombea udiwani anayekuahidi hati miliki ama haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na anakuona wewe huijui. La pili ni baya zaidi.

Sasa hesabu. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, watoto wakiwemo. Wadi ni 10: Faza, Kiunga na Basuba upande wa Lamu Mashariki, Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari upande wa Magharibi. Rais ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote. Gavana hana sharti hilo, wala diwani: aliyetangulia hata kwa kura moja ndiye, hakuna duru ya pili. Mwaka 2017 kiti cha ugavana cha Lamu kiliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura 200. Watu hao wangeenea katika boti chache za abiria wa Faza. Kwa rais, kura yako inaingia katika mamilioni. Kwa diwani inaingia katika rundo ambalo karani analihesabu kwa mkono na kulimaliza usiku uleule. Ndipo nikasema karatasi ya diwani ndiyo nzito.

Na huyo diwani, au mwakilishi wadi kama sheria inavyomwita, kazi yake si kuchangia mazishi. Kazi yake ni bajeti. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa wakiwa macho.

Lamu hupata kutoka mgao wa kitaifa fungu dogo kuliko kaunti zote 47, takriban shilingi bilioni 3.1 katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Kanuni za fedha za umma zinataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Gati lako litapata sehemu katika asilimia hiyo iwapo tu limepita milango yake kwa zamu. Kwanza liwe ndani ya mpango wa miaka mitano wa kaunti. Kisha liwe ndani ya mpango wa mwaka, ambao hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Februari, kabla ya tarehe 28 kwisha, huja waraka wa mkakati wa fedha unaoweka ukomo wa kila idara. Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho ya makadirio kuwasilishwa, na Juni 30 yawe yamepitishwa. Gati lililokosekana Septemba halitokei Aprili kwa dua. Ahadi ya jukwaani mwezi wa Julai imeshachelewa mwaka mzima.

Sehemu mbili ndizo huvuja. Ya kwanza ni mstari wa bajeti usiokuwa na jina la mahali: "ukarabati wa magati, wadi mbalimbali". Ukiuona huo jua fedha hizo hazina mwenyewe. Zitakwenda kwa aliyepiga kelele mwisho. Diwani anayejua kazi hukataa kuupitisha mpaka uandikwe gati gani, kijiji gani, shilingi ngapi. Ya pili ni bajeti ya nyongeza, ile inayoletwa katikati ya mwaka wa fedha. Mradi uliopitishwa Juni kwa makofi hufutwa humo kimya kimya, na fedha zake huhamia safari na posho. Watu husema gavana ametudanganya. Mara nyingi diwani wao alinyoosha mkono kukubali, au hakuwepo siku hiyo.

Kuhusu kutokuwepo, Katiba ina kifungu ambacho wengi hawakijui. Ibara ya 194 inasema mwakilishi anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika, wala maelezo ya kuridhisha, hupoteza kiti. Mahudhurio huandikwa. Unaweza kuyaomba kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na afisi ina siku 21 za kukujibu. Barua iwe fupi: jina lako, habari unayoitaka, kipindi chake. Usitie malalamiko ndani yake, yatampa karani sababu ya kuiweka pembeni.

Basi mgombea udiwani akija kwako na kofia, muulize mambo matatu tu. Gati au zahanati yetu imo ukurasa gani wa mpango wa miaka mitano? Utaomba kukaa katika kamati gani, na kwa nini hiyo? Bajeti ya nyongeza ikifuta mradi wa wadi yetu utafanya nini? Aliyekwisha kuwa diwani muulize la nne: ulikosa vikao vingapi? Jibu la "tutaangalia" ni jibu pia, liandike. Na akikupa mia tano badala ya jibu, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu anayepokea kuwa mkosa sawa na anayetoa. Wapo wanaochukua kitambulisho chako "wakuwekee" hadi kura ipite. Huyo hakununui umpigie, anakununua usipige. Bei yake huwa kubwa kidogo, ndiyo maana watu hudhani wamepata.

Kujiandikisha si kazi ngumu, ila wengi huiharibu. Uwe na miaka 18, uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti, nakala halisi si ya fotokopi, uende afisi ya Tume ya Uchaguzi ya eneobunge lako. Watakupiga picha na kuchukua vidole. Ulichojiandikishia ndicho utakachobeba siku ya kura. Aliyejiandikisha kwa pasipoti asije na kitambulisho akitarajia kuhurumiwa. Ukiwa uliandikishwa Mombasa ulipokuwa ukifanya kazi, basi karatasi yako ya gavana ni ya Mombasa, hata kama umerudi Amu, mji wetu wa Lamu, miaka minne. Hamisha, na uhamishe mapema. Usingoje wiki za mwisho, wakati ambapo kila mgombea anasomba watu wake kutoka wadi nyingine. Daftari likifunguliwa kukaguliwa, tazama jina lako na pia majina ya watu wa mtaa wako: marehemu aliyebaki humo, au mgeni ambaye hakuna jirani anayemjua. Malalamiko yana mahali pake na wakati wake, na wakati huo si siku ya kura.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye foleni saa kumi na moja ikigonga ana haki ya kupiga, asikubali kufukuzwa. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapigakura 700, ndiyo maana shule moja huwa na vituo viwili vitatu, na jina lako limo kwa kimojawapo tu kwa mpango wa herufi. Ulizia kabla ya kupanga foleni.

Halafu vidole. Mtu anayevuta nyavu na jarife miaka thelathini, fundi wa mawe, anayekwangua magome ya mikoko, alama zake zimesagika. Mashine ya KIEMS, ile ya kumtambua mpigakura, humkataa mara ya kwanza, ya pili, na mzee anaona haya anaondoka. Asiondoke! Pangusa kidole kwa kitambaa kikavu, jaribu vingine, maana mashine ina vidole vyako vyote. Ikishindikana kabisa, msimamizi wa kituo humtafuta mtu kwa nambari ya kitambulisho mbele ya mawakala, picha yake ikatokea, ikajazwa Fomu 32A, akapiga kura kama wengine. Hilo ni utaratibu wa sheria, si fadhila. Asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kuja na mtu wake mwenyewe wa kumsaidia, awe na miaka 18 au zaidi, na msaidizi huyo haruhusiwi kumsaidia mwingine. Wajukuu jipangeni: mmoja kwa babu, mmoja kwa nyanya.

Utapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake, na kila sanduku lina kifuniko cha rangi hiyo. Weka alama moja ndani ya kisanduku cha mtu mmoja. Ukiweka mbili, au ukaandika jina lako, au maneno ya kumtukana mtu (wapo), kura hiyo inakataliwa. Ukiiacha tupu kama anavyotaka huyu kijana wetu, inakataliwa vilevile. Haihesabiwi kuwa ni hasira, haihesabiwi kuwa ni kitu. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza, irudishe kwa msimamizi upewe nyingine. Kunja baada ya wino kukauka, usije ukachapa alama ya pili upande wa pili. Na tulia mbele ya masanduku: wengi hukosea hapo, kwa kuwa wameshampigia rais na akili imeshatoka mlangoni.

Kura huhesabiwa palepale kituoni. Matokeo ya gavana huandikwa Fomu 37A, ya diwani Fomu 36A, na nakala hubandikwa mlangoni. Asubuhi pita upige picha zote mbili, namba na sahihi zionekane. Ubishi wa wadi ukizuka, picha hiyo ina thamani kuliko shahidi kumi wa mdomo.

Uchaguzi ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kusi litakuwa bado linavuma na nje ya miamba, upande wa Kiwayu na Kiunga, bahari ni chafu mwezi huo. Tarehe 2 Agosti jua litapatwa, na jua halipatwi ila mwezi uwe unakufa. Basi tarehe 10 itaangukia kwenye mwezi wa siku saba au nane, maji mafu. Mkanda, ule mlango wa bahari tunaopita kwenda Faza, hautakauka kama wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, lakini wala hautajaa sana, kwa hiyo boti iliyopakia kupita kiasi itagusa. Aliyejiandikisha Faza au Kizingitini na yuko Amu avuke Jumatatu mchana, alale kwa jamaa, apige kura alfajiri. Nauli ya boti la mgombea ni ya bure kwenda. Ya kurudi ulizia kwanza.

Wewe wa Langoni huna mkanda wa kuvuka, kituo chako ni cha kwenda kwa miguu. Nimeona pia kwamba katika ujumbe wako umemtaja MCA bila jina lake. Litafute, kisha uniandikie amekosa vikao vingapi.