Rafiki yako amechomewa, yaani siri ya mapenzi au jinsia yake imetolewa bila ridhaa yake, na anasema amechoka kuishi: fanya haya

Ushauri wa kawaida kwa mtu anayefikiria kujiua huanza na "waambie watu wa nyumbani". Kwa shoga, msagaji, au mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa, ushauri huo unaweza kuzidisha hatari, maana mara nyingi nyumbani ndiko vitisho vinakotoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Family Acceptance Project, mradi wa utafiti wa San Francisco, ulikuta kwamba vijana waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Ndiyo maana tunasema: kabla hujamwambia mtu yeyote, muulize rafiki yako mwenyewe nani anajua nini kuhusu siri yake.

Kuwa macho zaidi siku ambazo siri imetoka au inakaribia kutoka. Picha zake zimerushwa kwenye grupu la WhatsApp, mwenye nyumba amemwambia ahame, shule imemfukuza arudi nyumbani, ukoo umeanza kumtafutia mchumba kwa nguvu, au kuna mtu anamwandikia "tuma pesa au nakuchomea". Huyo wa mwisho akilipwa mara moja, kwa kawaida hurudi kudai zaidi. Hifadhi jumbe zake kabla hazijafutwa, kisha tafuta msaada wa sheria. Nairobi kuna NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na Mombasa shirika la PEMA Kenya linawafahamu watu wa kukuelekeza.

Muulize kwa maneno yenyewe: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Swali baya ni "Huwezi kufanya ujinga kama huo, sivyo?", kwa sababu linamwonyesha jibu unalolitaka, naye atakupa hilo hilo. Akikubali, uliza matatu zaidi: amefikiria njia gani, anayo karibu, na amepanga lini. Kama njia ipo na muda ni leo au kesho, usimwache peke yake hata kwenda dukani. Mpeleke idara ya dharura.

Wakati huohuo, iondoe njia hiyo nyumbani. Dawa zilizobaki, sumu za shambani, chochote alichokitaja kikae kwa mtu mwingine, ufunguo pia. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupungua likipewa muda, na umbali kati yake na njia ndio unaompa muda huo. Akiandikiwa dawa, omba zitolewe za wiki moja moja.

Wimbi likitulia, kaeni muandike mpango wa usalama, karatasi moja tu: dalili za kwamba hali inarudi, mambo anayoweza kufanya mwenyewe ili atulie, watu na mahali pa kwenda bila kulazimika kueleza, watu wa kuomba msaada, wataalamu, na namna ya kuifanya nyumba iwe salama. Mipango mingi huharibikia kwenye majina. Mtu huandika "dada" kwa mazoea, ilhali dada hajui lolote, na usiku wa shida hatampigia. Kando ya kila jina weka alama mnayoielewa nyinyi wawili: huyu anajua kila kitu, huyu anajua tu kwamba naumia. Wote wawili wana kazi. Jirani asiyejua siri bado anaweza kulala sebuleni kwake usiku mmoja. Andikeni kana kwamba mama yake ataiokota karatasi hiyo chini ya godoro: asitaje mpenzi wala jina la klabu. Kama mpango uko kwenye simu, zima jumbe zinazojitokeza kwenye skrini iliyofungwa, na hakikisha picha haziingii kwenye akaunti anayoitumia pamoja na familia.

Hospitalini, sentensi inayofungua mlango ni "ana mawazo ya kujiua na ana mpango". Nesi akiuliza kisa, "matatizo ya kifamilia" ni kweli na inatosha kwa hapo mapokezi. Lakini kama anatumia homoni au dawa za VVU, daktari anayeandika dawa lazima aambiwe, kwani baadhi ya dawa huingiliana. Uliza pia mapema anataka aitwe jina gani mbele za watu, hasa kama kitambulisho kinasema jina jingine.

Hofu ya kukamatwa na polisi ilikuwa na msingi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code) ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Asikose matibabu kwa ajili ya hofu hiyo.

Mshauri nasaha mpigie kwanza wewe, bila kutaja jina la mtu. Muulize anatunzaje siri na kama amewahi kuhudumia watu wa LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji na wenzao. Akiahidi "kumbadilisha" kwa maombi au kwa tiba, kata simu. Shirika la Afya Duniani liliondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na juhudi za kumbadilisha mtu humwongezea aibu ileile inayomuua. Kwa kuzungumza na mtu tu, Befrienders Kenya wako 0722 178 177, na laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Wajaribu mchana mkiwa watulivu, mjue saa wanazopokea.

Wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali ni ya hatari kubwa, na hatari hubaki juu kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo marafiki wengi hupunguza kasi, wakidhani yameisha. Panga zamu na mtu wa pili ili usichoke. Mtumie ujumbe mfupi usiodai kitu: "Nimekukumbuka. Si lazima unijibu." Asipojibu siku mbili, nenda ukamwone.