Hati ya mradi chuoni: iwe na nini, asaini nani

Swali: Chuo chetu kinataka wanafunzi wasajili kozi kwa mtandao badala ya kupanga foleni kwenye idara. Nimeteuliwa kuongoza kazi hiyo na nimeambiwa niandae hati ya mradi. Andiko la kurasa 40 tuliloombea fedha tunalo tayari. Je, halitoshi?

Jibu: Halitoshi, kwa sababu lina kazi nyingine. Andiko humshawishi mwenye fedha. Hati ndiyo inayokupa mamlaka. Inatamka kwamba mradi upo, wewe ndiye meneja wake, na una ruhusa ya kutumia watu na fedha za chuo hadi kiwango kilichotajwa. Chota kwenye andiko yanayofaa, lakini usivuke kurasa 5. Ikiwa ndefu, wakubwa husaini bila kuisoma, na sahihi ya namna hiyo haikulindi mambo yakikwama.

Anza na lengo. "Kuboresha huduma za usajili" si lengo, maana haitafika siku ukaweza kusema limetimia. Andika, kwa mfano: "Ifikapo wiki ya kwanza ya mhula wa pili, wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wawe wanasajili kozi kwa mtandao, na kila usajili uidhinishwe ndani ya siku 3."

Kisha weka mipaka. Yaliyomo kila mtu huyaandika. Yasiyomo ndiyo husahauliwa, na mradi hutanukia hapo. Taja waziwazi: malipo ya ada hayamo, ugawaji wa vyumba vya hosteli haumo, wanafunzi wa uzamili hawamo katika awamu hii. Usipofanya hivyo, kazi ikiwa katikati utasikia "si muweke na ada humohumo?" na bajeti ni ileile.

Vihatarishi 5 hadi 7 vinatosha, ila kila kimoja kionyeshe chanzo, tukio, athari na cheo cha atakayekifuatilia. "Ukosefu wa ushirikiano" haumsaidii mtu. Linganisha na hiki: "Kwa kuwa kila idara hutunza orodha yake ya kozi, misimbo ya kozi inaweza kugongana, na mwanafunzi akajikuta amesajiliwa kozi ya idara nyingine. Mfuatiliaji: msajili wa taaluma." Hapo kuna la kufanya, na mwenye kulifanya anajulikana.

Swali: Nani asaini? Wazo ni la mkuu wa kitivo chetu, lakini watumishi wa TEHAMA hawako chini yake.

Jibu: Basi sahihi yake peke yake haitoshi. Mdhamini wa mradi awe mtu anayeweza kuamuru idara zote zinazoguswa. Kwa mradi unaovuka vitivo, mara nyingi huyo ni mmoja wa manaibu makamu mkuu wa chuo. Msimchanganye na mfadhili: mfadhili hutoa fedha, mdhamini hutoa uamuzi.

Sahihi nyingine zinazopuuzwa ni za wakuu wa idara wanaotoa watu. Miradi mingi ya chuo hukwamia hapa. "Wahadhiri watashiriki" ni maneno matupu kama vipindi vyao havijapunguzwa. Mhadhiri atakuja kikao cha kwanza, kisha darasa litamvuta. Andika "mhadhiri 1, siku 2 kwa wiki, mhula mzima", na mkuu wa idara yake asaini kwenye mstari huohuo.

Taja pia kiwango cha fedha unachoweza kuidhinisha mwenyewe, na muda wa mdhamini kujibu jambo ulilompelekea aamue, tuseme siku 5 za kazi. Muda ukipita, jambo lipande kamati ya usimamizi wa mradi bila kuomba ruhusa upya.

Swali: Tarehe tuzipangeje?

Jibu: Tandaza kalenda ya chuo kwanza. Mradi ukigusa kanuni za usajili au mitihani, utahitaji idhini ya seneti, yaani chombo cha juu cha taaluma chuoni, nayo hukaa mara chache kwa mwaka, tena nyaraka hupitia kwanza bodi ya kitivo. Tafuta tarehe ya kikao, kisha uhesabu kurudi nyuma. Wiki za mitihani usiweke kazi yoyote inayowahitaji wahadhiri. Na usizindue mfumo mpya wiki ya usajili bila kuujaribu na idara moja mhula uliotangulia, kwa sababu wiki hiyo wanafunzi wote huingia kwa pamoja na hakuna nafasi ya kurekebisha.

Swali: Ikishasainiwa inaweza kubadilishwa?

Jibu: Ndiyo, kwa sahihi za wale wale, na kila toleo lipewe namba na tarehe. Lakini kuna mstari ambao haufai kuachwa uongezwe baadaye: mradi ukiisha, mfumo unakabidhiwa idara gani, na gharama za leseni, seva na matengenezo zinaingia bajeti ya nani kuanzia mwaka upi wa fedha. Kama hakuna idara iliyo tayari kusaini hapo, msianze.